Fuvu Halisemi, Neno Lisilisemee

Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Mimi nilibahatika kuambiwa, japo mbele ya hadhira. Katika semina moja ya wanafunzi wa uzamili, nilikuwa nimetafsiri kwa Kiswahili kurasa chache za makala ya Kiingereza kuhusu namna watu wa enzi za kabla ya historia walivyoyatendea mafuvu ya wafu wao. Makala hayo yenyewe yalikuwa yametafsiriwa kutoka Kifaransa. Palipoandikwa “funerary gesture”, nami nikaandika “ishara ya mazishi”. Mhadhiri wa akiolojia aliyealikwa kutusikiliza aliinua mkono, akauliza kwa upole: “Mwanangu, ni nani aliyempa nani ishara?” Ukumbi ukaangua kicheko. Sikuwa na jibu.

Jioni hiyo niliyatafuta makala asilia, nikayasoma kwa Kifaransa changu cha miaka miwili na kamusi kubwa mkononi. Neno lililotumiwa ni “geste”. Katika Kifaransa, neno hili hubeba mwendo wa mkono, na pia hubeba tendo, hasa tendo lenye nia; mtu akifanya jambo la ukarimu husemwa amefanya “un beau geste”. Wanaakiolojia wa Ufaransa wanapoandika “geste funéraire” huwa na maana ya tendo lolote lililokusudiwa ambalo walio hai walimtendea marehemu: kumlaza, kumfunika, hata kurudi baadaye na kuuchukua mfupa. Mtafsiri wa Kiingereza alilichukua neno linalofanana kwa umbo, “gesture”, ambalo kwa msomaji wa kawaida ni ishara ya mkono. Kosa langu basi halikuzaliwa katika Kiswahili. Lilizaliwa njiani baina ya Paris na London, nami nikalipokea nyumbani kama mgeni wa heshima.

Maneno ya aina hii yana jina lake katika taaluma ya tafsiri. Mwaka wa 1928, Maxime Koessler na Jules Derocquigny waliyaita “faux amis”, yaani marafiki wa uongo, katika kitabu chao kuhusu hila za msamiati wa Kiingereza kwa Mfaransa. Kwa kawaida sisi huwafundisha wanafunzi jambo hili kwa mifano ya kuchekesha, kisha tukasonga mbele. Maoni yangu ni kwamba katika akiolojia ya mafuvu, rafiki wa uongo si kichekesho. Mwanaakiolojia hana shahidi wa kumhoji. Ana mfupa, ana udongo, ana neno. Neno likisema zaidi ya mfupa na udongo, basi mtafsiri amebuni historia pasipo kukusudia. Ninashikilia kuwa istilahi iliyotafsiriwa haifai kujua mengi kuliko ushahidi unavyojua.

Tuanze na istilahi iliyo maarufu kuliko zote: “culte des crânes”, ambayo Kiingereza huiita “skull cult”. Kwa Mfaransa, “culte” ni neno la kawaida, hata la kiserikali. Sheria ya tarehe 9 Desemba 1905 iliyotenganisha dola na makanisa nchini Ufaransa inazungumzia “cultes” ikiwa na maana ya dini zote kwa usawa. Aidha, “culte des morts” huweza kuwa tu ile heshima wanayopewa wafu. Katika Kiingereza cha leo, “cult” ina harufu nyingine: kikundi kilichojitenga, kiongozi mwenye kupotosha, wafuasi walionaswa. Hapa Kenya, tangu mkasa wa Shakahola wa mwaka 2023, ni vigumu kulisikia neno hilo bila kuona makaburi msituni. Sasa mwanafunzi asomapo kwamba wakulima wa kwanza wa Mashariki ya Kati walikuwa na “skull cult”, huona nini akilini mwake? Sidhani kama huona familia iliyomhifadhi babu karibu na makao yake.

Hata tukilisamehe hilo, lipo tatizo lililo zito zaidi. Neno “culte” tayari ni fasiri. Linadai kwamba fuvu liliheshimiwa au kuabudiwa. Mara nyingine fasiri hiyo huporomoka. Mwaka wa 1939, fuvu la mtu wa jamii ya Neanderthal lilipatikana katika pango la Guattari huko Monte Circeo, Italia. Alberto Carlo Blanc alilieleza kuwa lililazwa katikati ya mviringo wa mawe, na kwamba tundu la chini ya fuvu lilipanuliwa ili ubongo uliwe katika ibada. Fuvu hilo lilipochunguzwa upya, na matokeo kuchapishwa mwaka 1991, halikuonyesha alama za kisu cha jiwe. Uharibifu wake ulifanana na ule wa wanyama wala nyama. Fisi alikuwa amepewa cheo cha kuhani kwa zaidi ya miaka hamsini. Iwapo mwanaakiolojia mwenyewe aweza kuteleza hivyo, mtafsiri asimwongezee utelezi.

Istilahi ya pili ni “crâne surmodelé”. Mwaka wa 1953, Kathleen Kenyon alifukua huko Yeriko mafuvu saba yaliyojengewa nyuso upya, na magamba ya viumbe vya baharini yakatiwa mahali pa macho. Kiingereza kikayaita “plastered skulls”. Mwaka wa 2006, timu ya Danielle Stordeur ilipata mafuvu ya aina hiyo huko Tell Aswad, Syria, yenye umri wa zaidi ya miaka 9,000, na makala yao ya Kifaransa yakayaita “crânes surmodelés”. Ukitazama juu juu utadhani istilahi hizi mbili ni sawa. La hasha! Ile ya Kiingereza inataja malighafi, yaani plasta. Ile ya Kifaransa inataja kazi ya mikono, yaani kufinyanga juu ya kitu. Tofauti hii ina uzito kwa sababu malighafi yenyewe ilibadilika toka mahali hadi mahali: kuna chokaa, kuna jasi, kuna udongo. Isitoshe, Mfaransa hutumia istilahi iyo hiyo kwa mafuvu ya watu wa bonde la mto Sepik huko Papua New Guinea, ilhali Mwingereza aghalabu huyaita hayo “overmodelled”. Kwa hiyo mtafsiri anayeandika “plastered” kila mahali hudai jambo ambalo huenda maabara haijalithibitisha. Na anayeandika “overmodelled” kila mahali huwaweka watu wa Yeriko na wa Sepik katika kapu moja, kana kwamba desturi yao ni moja. Hakuna chaguo lisilo na gharama. Lililo muhimu ni mtafsiri ajue anacholipia.

Hapa Kiswahili chetu kinaweza kusimama bila aibu. Tukiifuata istilahi ya Kiingereza kipofu, tutaandika “mafuvu yaliyopigwa plasta”, kana kwamba ni kuta za nyumba za kupanga. Tukiifuata maana, tutaandika “mafuvu yaliyofinyangiwa nyuso”. Mfinyanzi yumo, uso umo, na malighafi imeachwa wazi hadi maabara iseme.

Istilahi ya tatu ni fupi mno na ndiyo yenye mtego mkubwa: “crâne”. Wataalamu wa mifupa wanaoandika kwa Kiingereza hutofautisha “skull”, ambalo ni fuvu pamoja na taya la chini, na “cranium”, ambalo ni fuvu bila taya hilo. Katika Kifaransa cha kawaida, “crâne” huweza kuwa lolote kati ya hayo mawili, na mtaalamu anayetaka kubainisha husema “bloc crânio-facial”. Je, taya lina neno gani la kutuambia? Lina neno kubwa. Mwaka wa 1983, katika pango la Kebara kwenye Mlima Karmeli, timu ya Waisraeli na Wafaransa ilifukua mifupa ya mtu wa jamii ya Neanderthal aliyeishi yapata miaka 60,000 iliyopita. Fuvu halikuwapo. Taya la chini lilikuwapo mahali pake, hata ule mfupa mdogo wa koo ulikuwapo. Kichwa kilichokatwa shingoni kingeondoka na taya lake. Fuvu lililoondoka na kuliacha taya huashiria kwamba lilitoka baada ya nyama na kano kuoza. Sasa mwandishi wa Kifaransa akisema “crâne” halipo, na mtafsiri akaandika “skull”, basi taya limepotea pamoja nalo kwenye karatasi, na pamoja na taya umepotea ushahidi wa kwamba mtu huyu hakukatwa kichwa. Neno moja limefuta subira ya miezi au miaka kando ya kaburi, likaweka upanga.

Mfano wa nne ni “décharné”, sifa ya mfupa usio na nyama. Kifaransa hakilazimiki kusema ni nani aliyeitoa nyama hiyo: huenda ni wakati, huenda ni funza, huenda ni binadamu. Kiingereza hukimbilia “defleshed”, ambalo masikioni mwa wengi lina mtendaji na kisu chake. Wasomaji wa jarida hili wataona mara moja kwamba tofauti hii ni ile ya kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa. Sisi tunasema “mfupa ulioambuka nyama” na “mfupa ulioambuliwa nyama”. Silabi chache tu zinatenganisha wakati na kisu. Ni utajiri ambao Mwingereza hana budi kuutafuta kwa sentensi nzima, nasi twaukalia kama kigoda.

Mfano wa mwisho ni “coupe”. Mwaka wa 1909, Henri Breuil na Hugo Obermaier walichapisha makala kuhusu mafuvu ya kale yaliyochongwa kwa umbo hilo, yakiwamo ya pango la Le Placard nchini Ufaransa. Neno “coupe” katika Kifaransa ni chombo cha kunywea, lakini pia ni mkato, na wanaakiolojia hulitumia kila siku kwa mkato wa tabaka za udongo. Kiingereza kimechagua “skull-cup”. Mafuvu ya Gough’s Cave nchini Uingereza, yenye umri wa takriban miaka 14,700, yalielezwa kwa jina hilo mwaka 2011, na kweli yalichongwa kwa uangalifu mkubwa. Hata hivyo, umbo la kikombe si ushahidi wa kinywaji. Kiswahili kina neno “kifuu”, lililo jirani ya “fuvu” kwa sauti na kwa sura: ganda gumu la nazi lililobaki tupu, ambalo waweza kulifanya kata ya kuchotea maji au ukaliacha lilivyo. Kifuu hakikulazimishi kunywa.

Najua zipo pingamizi. Baadhi ya wenzangu husema kwamba istilahi kama “skull cult” zimekwisha kukubalika. Hata makala ya mwaka 2017 kuhusu mafuvu yaliyochanjwa ya Göbekli Tepe, Uturuki, yalilitumia jina hilo katika anwani yake. Nakubali kwamba mtaalamu halipotoshwi na neno alilolizoea. Lakini istilahi haikai maabara. Hutoka ikaenda magazetini, vitabuni, na hatimaye kwenye dawati la mwanafunzi wa Kiswahili ambaye hana Kifaransa cha kuirudia. Wengine hupendekeza tukope neno la Kifaransa lilivyo. Dawa hiyo hufaa mara nyingine: “archéothanatologie”, jina la taaluma aliyoiasisi Henri Duday, liliingia Kiingereza bila kishindo kwa kuwa viungo vyake ni vya Kigiriki. Kwa “geste” na “culte” haifai, maana Kiingereza tayari kina pacha zao wenye tabia nyingine. Na kwamba wataalamu wenyewe wameliona tatizo hili ni dhahiri: kitabu kikubwa cha taaluma hiyo kilichohaririwa na Christopher Knüsel na Eline Schotsmans mwaka 2022 kina sehemu maalumu ya kufafanua istilahi.

Huenda msomaji akauliza: mafuvu ya Yeriko yatuhusu nini sisi wana wa Kiswahili? Yatuhusu kwa sababu fuvu kwetu si kitu kigeni. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ambao maandishi yake ya Kifaransa na ya Kiingereza yalikuwa na nguvu sawa, uliitaka Ujerumani katika kifungu cha 246 ilirejeshe fuvu la Mkwawa, kiongozi wa Wahehe aliyefariki mwaka 1898. Lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Wajerumani waliolichukua hawakuliona kama babu wa mtu. Waliomngoja hawakungoja kielelezo cha kabati. Mfupa ulikuwa mmoja. Majina ndiyo yaliyotofautiana.

Kwa hivyo nawapendekezea wenzangu mambo matatu. Kwanza, tukikabidhiwa matini ya Kiingereza iliyotoka Kifaransa, tuitafute ile asilia kabla ya kushika kalamu. Pili, tutaje tendo kabla ya maana: tuseme fuvu “liliondolewa”, “lilihifadhiwa”, “lilifinyangiwa uso”, na tuache “ibada” na “tambiko” hadi mwandishi athibitishe. Tatu, pale ambapo mtendaji hajulikani, tuitumie kauli ya kutendeka tuliyojaliwa.

Nami nimekwisha kulirekebisha zoezi langu. Palipokuwa na “ishara ya mazishi” sasa pana “tendo la maziko”. Nilimpelekea yule mhadhiri nakala mpya. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaikunja, akaniuliza swali jingine: “Na hapa ulipoandika ‘marehemu’, una hakika ni mmoja?” Nimerudi tena kwenye kamusi.