Bunduki Mkononi, Akili Kichwani

Uhodari wa askari haupimwi kwa wingi wa risasi alizozitumia, bali kwa namna alivyoitimiza kazi yake. Ukweli huo ulidhihirishwa na mtu asiye na sare wala cheo, mwenye duka katika mji wa Shirley, jimbo la New York, huko Marekani, mwezi wa Mei, 2009.

Ilikuwa usiku wa manane, naye akijiandaa kufunga duka. Mara akaingia mtu aliyeficha uso, mkononi ana rungu la mchezo wa besiboli, akadai fedha. Mwenye duka, mhamiaji kutoka Pakistan, hakupiga mayowe wala hakukimbia. Alipeleka mkono nyuma ya meza kana kwamba anafuata fedha. Mkono ulipotokeza, ulikuwa umeshika bunduki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame! Mnyang'anyi alilitupa rungu, akapiga magoti, akalia kwamba jamaa zake nyumbani hawana chakula.

Bunduki haikulia. Mwenye duka alimwapisha mtu yule kwamba hataiba tena, akampa dola 40 na mkate. Kamera ya duka iliyanasa yote hayo. Mwishoni mwa mwaka huo ikaja barua isiyo na jina la mwandishi, ndani yake mna dola 50 na maneno ya shukrani.

Ndugu askari, tuyapime mambo haya. Kwanza, kilichomshinda mnyang'anyi ni utulivu. Bunduki iliyo mikononi mwa mtu aliyeshikwa na hofu ingeweza kunyang'anywa, au kumuua mpita njia. Pili, hatari ilipokoma, nguvu nazo zilikoma. Hiyo ndiyo kanuni iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1979 kwa walinzi wote wa sheria: nguvu itumike pale tu inapokuwa lazima kabisa, na kwa kiasi cha kazi iliyopo. Nayo Mikataba ya Geneva ya 1949 inamlinda hata adui vitani, akishaweka silaha chini.

Hapa Uganda tunajua gharama ya kuisahau kanuni hiyo. Mwaka 1972, kwa kisingizio cha kuwakomesha makondo, ilitolewa amri iliyomruhusu askari kutumia nguvu yoyote ili mtuhumiwa wa unyang'anyi asitoroke. Hivyo mtu aliweza kuuawa kabla hakimu hajamsikia, na raia wakaanza kuiogopa sare iliyowekwa iwalinde.

Hata hivyo, tusichanganye wajibu. Raia anaweza kusamehe aliyemkosea. Askari hana mamlaka ya kumwachilia mhalifu kwa huruma, kama asivyo na mamlaka ya kumwadhibu kwa hasira. Kazi yake ni kumkamata, kumfikisha kituoni akiwa hai, na kuiachia mahakama neno la mwisho. Wala tusiwahimize wafanyakazi wa maduka kupambana na wenye silaha, kwa maana fedha hutafutwa tena, lakini uhai haununuliwi. Raia huyo akitoa taarifa mapema, askari afike upesi.

Kondo akipiga magoti, kidole kitoke kwenye kifyatulio na pingu zitoke mfukoni. Hapo ndipo nidhamu ya jeshi na polisi inapoonekana, na hapo ndipo mwananchi anapolala usingizi akijua kwamba analindwa.