Mizuka Inayoishi Ndani ya Kioo

Usiku uingiapo na taa ikawashwa sebuleni, kioo cha dirisha ambacho mchana kutwa kilionyesha mti wa uani huanza kuonyesha meza, viti na nyuso za watu waliomo ndani. Mti haukuondoka, giza limeufunika tu, na taswira ya chumba huonekana kana kwamba inaelea huko nje juu ya majani. Watoto hulistaajabia jambo hilo kwa siku chache, kisha hulizoea. Wako watu wazima, hata hivyo, ambao hawakulizoea kamwe, nao wamelipatia riziki.

Katika bustani ya burudani iitwayo Disneyland, mjini Anaheim katika jimbo la California nchini Marekani, limo Jumba la Mizuka lililofunguliwa tarehe 9 Agosti 1969. Wageni hupandishwa katika vigari vinavyofuatana bila kukatika. Baada ya kupita vyumba kadha wa kadha hujikuta wako juu, mfano wa roshani, wakiutazama chini yao ukumbi mkubwa wa karamu. Meza imeandaliwa na kinanda kinalia. Mara watu wenye miili myepesi kama moshi hutokea vitini; mmoja hupuliza mishumaa ya keki, na wengine wawili wawili huzunguka sakafuni wakicheza dansi, huku samani za ukumbi zikionekana kupitia vifuani mwao. Kisha hufifia, na viti vikabaki vitupu.

Aghalabu mgeni hudhani kwamba ameonyeshwa sinema. Sivyo. Kati yake na ukumbi kimesimamishwa kioo kikubwa mno, kikavu cha rangi na kisicho na doa, ambacho gizani hakionekani. Ukumbi, meza na keki ni vitu halisi vilivyoko nyuma ya kioo hicho. Mizuka nayo ni sanamu zilizovishwa nguo na kuendeshwa kwa mitambo, lakini haimo ukumbini hata kidogo. Imefichwa upande ule ule walioko wageni, juu na chini ya njia ya vigari, mahali palipozungushiwa weusi. Taa ikiimulika sanamu, mwanga wake hupiga kioo na kurudi machoni mwa mtazamaji. Taa ikififishwa, mzuka nao umekwenda zake.

Siri iko katika kupima. Kioo huionyesha taswira ikiwa nyuma yake kwa umbali sawasawa na ule ambao kitu chenyewe kiko mbele yake. Kwa hiyo kila sanamu huwekwa mahali ambapo taswira yake itaketi barabara kwenye kiti kilichokusudiwa, isije ikakaa hewani. Tena kioo cha kawaida hurudisha sehemu 8 hivi tu kati ya 100 za mwanga unaokipiga, na nyingine karibu zote hupita. Ndiyo maana sanamu humulikwa kwa nguvu na ukumbi huachwa na mwanga hafifu. Umbile la moshi ambalo wageni hulisifu ni upungufu huo huo wa mwanga.

Kioo kina tabia nyingine isiyofichika kwa mwenye macho makali: hugeuza kulia kuwa kushoto. Katika dansi za namna ile mwanamume ndiye amwongozaye mwanamke, lakini katika ukumbi wa Anaheim wanawake ndio wanaoonekana kuwaongoza waume. Wengi hupita wasigundue, na si ajabu, kwani vigari vyenyewe vimeundwa ili viwageuze wageni kuelekea panapotakiwa na kuwakinga wasione pembeni. Mtu aachiwaye shingo yake huru atauona mtambo mapema.

Miongoni mwa waliobuni viinimacho vya jumba hilo walikuwa Yale Gracey na Rolly Crump. Crump alikuwa akisimulia kwamba chumba chao cha majaribio kiliwatisha wafanya usafi wa usiku, wakaomba taa ziachwe zikiwaka. Mabwana hao wakaziacha, ila wakatega mtambo wa kuzizima na kuiamsha mizuka mtu aingiapo. Asubuhi walikuta ufagio umelala katikati ya sakafu, na wafanya usafi hawakurudi tena. Mzaha huo ulikuwa mtamu kwa waliotega. Aliyekuwa na ufagio hakuulizwa.

Lakini ujuzi wenyewe haukuzaliwa Marekani. Mhandisi Mwingereza, Henry Dircks, alilieleza wazo hilo hadharani mwaka 1858, wenye majumba ya michezo wakalikataa, kwa kuwa jinsi alivyolipanga ingewabidi wayajenge upya majumba yao. John Henry Pepper, mwalimu wa sayansi katika taasisi ya Royal Polytechnic mjini London, ndiye aliyetambua kwamba kioo kikiinamishwa kidogo kuelekea watazamaji, na mchezaji akafichwa shimoni mbele ya jukwaa, jumba lolote lafaa. Tarehe 24 Desemba 1862 alikionyesha kiinimacho hicho katika mchezo uliotokana na hadithi ya Charles Dickens, na watu wakamiminika. Mchezaji wa jukwaani hakuuona mzuka aliopigana nao; ilimpasa kukariri mahali pa kuchoma upanga.

Hataza ya mwaka 1863 iliandikwa kwa majina ya wote wawili, lakini Dircks alikuwa amekubali kumwachia Pepper mapato. Baadaye alinung'unika kwamba hata jina lake halitajwi ipasavyo katika matangazo, akaandika kitabu kujitetea. Hakikumfaa sana. Pepper alistahili sifa ya kulifanya wazo litendeke, ila kumsahau mwenye wazo ni jambo jingine. Na hadi leo mafundi wa jukwaa duniani huuita mzuka huo kwa jina la Pepper peke yake.

Anayetaka kuuona nyumbani hahitaji jumba. Achukue kioo cha fremu ya picha, kingo zake zikingwe kwa gundi ya karatasi zisikate vidole, akisimamishe wima mezani. Mshumaa unaowaka uwe sentimita 20 mbele ya kioo, ukifichwa kwa kasha dogo ili mtazamaji asiuone wenyewe, na bilauri ya maji iwe sentimita 20 nyuma yake, mkabala. Taa ya chumba ikizimwa, mwali utaonekana ukiwaka ndani ya maji. Mtu mzima awepo kuuangalia mshumaa. Mtoto apitishe mkono nyuma ya kioo na kutia kidole bilaurini: atakiona kidole chake katikati ya moto, naye asihisi ila ubaridi wa maji.