Mtaro Usiofika Mtoni

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa kwetu Nyalenda, Kisumu, udongo ni mweusi wa mfinyanzi, haunywi maji upesi. Masika yakija, kila mwenye ploti huchimba kamtaro kake, maji yakaishia kwa jirani. Jirani naye humwaga kifusi, yakaturudia. Siku kama kumi tu, viluwiluwi vishakuwa mbu. Mwaka huu ndugu yangu mdogo ameugua malaria mara mbili. Je, huo ni ujanja? Maoni yangu ni haya: tuchimbe mtaro mmoja wenye mteremko, toka ploti ya juu hadi mto Auji, wala tusiutupie taka. Wenzangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Jembe ninalo, wewe je?