Kila aliyetoweka apate hakimu wa kumuulizia

Zipo familia Likoni, Kisauni na Changamwe, hapa Mombasa, ambazo kwa zaidi ya miaka 10 zimekuwa zikiuliza jambo moja: mtoto wetu yuko wapi? Hazijapewa mwili wa kuzika, hazijaonyeshwa mshtakiwa, wala hazijaandikiwa barua ya kueleza uchunguzi umefika wapi. Msimamo wetu ni huu: kesi ya mtu aliyetoweka haifi kwa kukosa maiti. Sheria ya Kenya inawataka polisi wampelekee hakimu habari zake, na sisi tunataka zipelekwe.

Mei 2025 Rais William Ruto alisema kwamba wote waliotekwa nyara wamerudishwa kwa jamaa zao. Alikuwa akizungumzia vijana waliochukuliwa baada ya maandamano ya Juni 2024. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilihesabu watu 82 waliotekwa kati ya Juni na Desemba mwaka huo, na 29 kati yao walikuwa hawajaonekana mwaka ulipofika ukingoni. Nchi ilipaza sauti, mawakili wakakimbilia kortini, na mapema Januari 2025 vijana kadhaa wakarudi makwao wakiwa hai. Tunamshukuru Mungu kwa kila aliyerudi. Lakini Pwani hesabu ya waliotoweka haikuanza mwaka 2024, na kauli kwamba wote wamerudi haiwahusu walioondoka 2012, 2013 na 2014.

Desemba 2016 shirika la Haki Africa la Mombasa lilitoa ripoti iliyoorodhesha visa 81 vya watu waliouawa au kutoweka Pwani tangu 2012, huku vyombo vya usalama vikinyoshewa kidole. Kichwa cha ripoti hiyo kilikuwa swali: familia tuziambie nini? Miaka imepita, Inspekta Jenerali mmoja baada ya mwingine ameingia na kutoka, na swali hilo halijajibiwa.

Tutaje visa viwili tu, vyote vikiwa vimeandikwa wazi magazetini. Aprili 2012 wanaume wawili waliteremshwa kwenye gari la abiria Mombasa na watu waliojitambulisha kuwa polisi. Siku chache baadaye mwili wa mmoja ulipatikana Tsavo. Mwenzake, mtu mwenye ulemavu wa macho, hajaonekana tena. Februari 2014 polisi walivamia msikiti wa Masjid Musa, Majengo, na kukamata zaidi ya watu 100. Kijana mmoja alipigwa picha akiwa mikononi mwa polisi, picha hiyo ikachapishwa, na nchi nzima ikaiona. Hakufikishwa kortini. Polisi walikiri kumkamata, wakadai alitoroka. Familia ilikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na mahakama, mwaka huo huo, ikaagiza kutoweka kwake kuchunguzwe. Hadi leo hakuna aliyesimamishwa kizimbani kujibu alikokwenda kijana aliyekuwa chini ya ulinzi wa serikali.

Mtu aliyekamatwa ana haki ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Hicho ni kifungu cha 49 cha Katiba. Kifungu cha 51 kinampa haki ya kuombewa amri ya kuletwa mbele ya jaji, na kifungu cha 25 kinasema haki hiyo haiwekewi mpaka wowote, hata kwa jina la usalama wa taifa. Anayezuia mtu bila kumsajili kituoni amevunja Katiba siku ya pili tu, kabla hata hatujajua kama mtu huyo yu hai.

Kuna sheria nyingine isiyotajwa sana, nayo ndiyo tunayotaka wakuu wa vituo waisome upya. Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, kifungu cha 386, inamtaka mkuu wa kituo cha polisi anapopata habari za mtu aliyetoweka na kudhaniwa amekufa, amjulishe hakimu. Kifungu cha 387 kinampa hakimu uwezo wa kufanya uchunguzi wa wazi: kuita mashahidi, kuwaapisha, kudai rekodi, kisha kuandika alichokiona. Hakimu akiona kuna kosa na mkosaji anajulikana, humwita au huamuru akamatwe ili ajibu mashtaka. Uchunguzi huo hauhitaji bunge jipya wala bajeti mpya. Unahitaji mkuu wa kituo atakayeinua faili kutoka rafuni.

Tunajua jibu ambalo familia hizi huambiwa pembeni: mtoto wenu ameenda Somalia. Hatukatai kwamba wapo vijana wa Pwani walioshawishika kujiunga na Al-Shabaab. Wala hatusahau machungu ya ugaidi hapa hapa kwetu; Machi 2014 waumini walipigwa risasi kanisani Likoni wakiwa katika ibada, na familia zao nazo zinastahili haki. Ila kama polisi wana ushahidi kwamba fulani alivuka mpaka, wauweke mbele ya hakimu. Wapo pia waliozama baharini, waliokimbia madeni, waliokwenda Ghuba kutafuta riziki wakakata mawasiliano. Uchunguzi wa hakimu ndio utakaotenganisha haya yote. Uvumi wa mtaani haumtenganishi yeyote. Unaitia familia nzima doa, majirani wanaanza kuikwepa, na aliyemchukua mtoto wao anaendelea kulala usingizi.

Wengine watasema kesi hizi haziwezekani, kwamba bila maiti wala shahidi hakuna pa kuanzia. Kumbukumbu yao ni fupi. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wa teksi walitoweka baada ya kutoka Mahakama ya Mavoko. Mashirika yalikaza kamba, wachunguzi wakazifuata simu. Miili ilipatikana mtoni baada ya wiki moja hivi, na mawakili wakaandamana nchi nzima. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani polisi watatu na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao. Ilichukua miaka 6, lakini ilithibitisha kwamba wachunguzi wa Kenya wanaweza wakitaka. Mama wa Changamwe hana chama cha mawakili cha kumwandamania. Haki yake hata hivyo ni ile ile.

Na mahali ambapo mwili haukupatikana kabisa, haki haikushindikana. Septemba 1981 mwanafunzi Manfredo Velásquez alichukuliwa katika mji mkuu wa Honduras, Tegucigalpa, asionekane tena. Julai 1988 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliipata serikali ya Honduras na hatia. Majaji walisema serikali isiyochunguza kwa dhati kutoweka kwa raia wake inabeba lawama, hata kama mkono uliomchukua haujatambuliwa. Kutochunguza ni kosa linalojitegemea. Uamuzi huo unafundishwa duniani kote, na unafaa kusomwa Likoni.

Wanaodhani muda utaponya hawajui maisha ya familia hizi. Mzazi wa Likoni huvuka kwa feri kwenda kuulizia kisiwani, akaambiwa arudi kituo cha kwao. Wa Kisauni huvuka daraja la Nyali kwenda Makadara kutazama mochari, kisha anaanza tena kesho yake. Mke hajui kama akae eda au aendelee kungoja. Itabidi aende kwa kadhi kuomba ndoa ivunjwe huku moyo wake ukikataa. Hakuna matanga, hakuna hitima, hakuna kaburi la kuzuru siku ya Idi. Bila cheti cha kifo, akiba ya NSSF haitoki, akaunti ya benki haifunguki, na shamba la marehemu asiyejulikana kama ni marehemu halirithiwi. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118A, inaruhusu mtu adhaniwe amekufa baada ya miaka 7 bila habari zake. Maana yake ni kwamba familia, baada ya kungoja miaka yote hiyo, ndiyo inayolazimika kwenda kortini kumtangaza mtoto wake kuwa maiti, wakati waliokuwa na wajibu wa kumtafuta wamenyamaza. Hilo si haki hata chembe.

Tunataka hatua tano, na kila moja ina mwenye kuwajibika.

Kwanza, wakuu wa polisi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wakusanye mafaili yote ya waliotoweka tangu 2012 na kuyapeleka kwa mahakimu chini ya kifungu cha 386. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma awawekee tarehe ya mwisho na aitangaze hadharani. Pale ambapo polisi wenyewe wanatajwa, IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, ishike uchunguzi, wala mshukiwa asiachiwe faili lake mwenyewe.

Pili, kila anayeripoti mtu aliyetoweka apewe nambari ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, papo hapo, pamoja na jina la afisa aliyekabidhiwa kazi. Tabia ya kumwambia mzazi arudi baada ya saa 24 ikome. Saa hizo ndizo ambazo simu bado inawaka, picha za kamera za dukani hazijafutwa, na shahidi bado anakumbuka rangi ya gari.

Tatu, miili isiyotambuliwa isizikwe kabla ya kuchukuliwa sampuli za DNA na alama za vidole. Mwanzoni mwa 2022 ilibainika kwamba zaidi ya miili 20 ilikuwa imeopolewa kutoka Mto Yala. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, hapa hapa Pwani katika Kilifi, ulitoa zaidi ya miili 400, na familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Machi 2024 tu. Kenya inahitaji hifadhi moja ya kitaifa inayolinganisha sampuli za jamaa wanaotafuta na za miili isiyo na wenyewe, ili mama wa Kisauni asilazimike kuzunguka mochari moja baada ya nyingine.

Nne, Bunge litunge kosa la kutowesha mtu. Kenya ilitia saini Mkataba wa Kimataifa wa kuwalinda watu wote dhidi ya kutoweshwa mnamo Februari 2007, na mpaka sasa haijauidhinisha. Afisa anayemtowesha mtu leo hushtakiwa kwa utekaji au mauaji, na mauaji bila maiti ni kesi ngumu. Ndipo anapopata mwanya. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha pia sheria ya huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo wasiokuwa polisi. Sheria hiyo imeachwa ikae kwenye makaratasi. Wabunge wa Likoni, Kisauni na Changamwe walibebe jambo hili kwa majina yao, na wapiga kura wao waliandike.

Tano, sisi wakazi nasi tuna kazi. Ukimwona mtu akichukuliwa, andika nambari ya gari, saa na mahali, piga picha ukiweza kufanya hivyo kwa usalama, na umjulishe jamaa yake mara moja. Familia isingoje. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kwa niaba ya asiyeweza kujitetea, na kinasema kufungua kesi ya namna hiyo hakutozwi ada. Mashirika ya MUHURI na Haki Africa yamewasaidia wengi hapa Mombasa; mwaka 2015 akaunti zao za benki zilifungwa kwa madai ya ugaidi hadi Mahakama Kuu ilipoamuru zifunguliwe. Misikiti na makanisa yawataje waliotoweka katika dua na maombi yao kwa majina, kila wiki, bila kuogopa.

Kuna wanaoshauri mambo ya zamani yaachwe ili amani idumu. Sisi tunaona kinyume. Kijana wa Likoni anayejua kwamba kaka yake alichukuliwa na hakuna aliyeuliza, hawezi kumwamini afisa anayemwomba habari za wahalifu mtaani. Anayesajili vijana kwa ugaidi hutumia kidonda hicho hicho kuwavuta. Uchunguzi wa wazi utamnyima hoja yake, na utawapa polisi waadilifu, ambao wapo, nafasi ya kutenganishwa na wenzao waovu.

Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anaweza kuanza wiki hii, kwa barua moja kwa vituo vitatu. Aiandike, na aseme mbele ya umma ni mafaili mangapi yamefika kwa hakimu.