Uraibu wa michezo ya mtandaoni haupimwi kwa saa

Mhariri,

Wanaobisha kwamba michezo ya video ya mtandaoni haiwezi kuwa uraibu husema mchezaji hamezi wala havuti kitu. Kamari nayo haina kidonge wala moshi, na hakuna anayebisha kuhusu kamari. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa michezo ya video katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na kipimo chake si wingi wa saa: ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea ingawa anaona unavyomuumiza, kwa kawaida kwa miezi 12. Kwa kipimo hicho wachezaji wengi, hata wale wanaokesha siku za Ijumaa, ni wazima kabisa.

Ndiyo maana sishawishiki na sheria za kufunga saa. Mwaka 2011 Korea Kusini iliwazuia walio chini ya miaka 16 kucheza kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi; miaka kumi baadaye ikaamua kuifuta sheria hiyo. Wapo wanaosema mchezo ni kimbilio tu la mwenye sonona. Kwa baadhi ni kweli, lakini hata pombe wengi huikimbilia kwa huzuni na bado tunaiita ulevi. Mimi nalaumu zaidi masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya michezo hii, ambayo kijana hulipia bila kujua kama atatoka na upanga adimu au takataka. Ubelgiji mwaka 2018 iliyahesabu kuwa kamari. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania, inayotoa leseni za mashine za kamari mitaani, nayo iyachunguze.

Msomaji,
Dodoma