Mtoaji Figo Naye Apumzike

Kaka yangu alimpa mama figo moja. Kabla ya kupasuliwa alipimwa damu, mkojo, moyo na presha, akaulizwa faraghani kama hakushurutishwa na mtu. Hayo yalikwenda vyema. Lakini aliporudi nyumbani, wageni walimiminika kwa mama na maziwa na kuku (kaka hata bawa hakupata), naye akaulizwa mbona halimi! Je, ni haki? Mtoaji hatakiwi kuinua mizigo mizito kwa majuma manne hadi sita. Baadaye figo iliyobaki yamtosha: Ronald Herrick, aliyempa pacha wake figo huko Boston mwaka 1954, aliishi hata 2010. Nimekwisha mwandikia baba kwamba likizo hii jembe la kaka nitalishika mimi.