Neno la Mhariri: Bei ya Kipaji

Mti wa vipaji hupimwa kwa kile anachokikosa mchezaji. Mjadala wa kupanga upya miti hii katika World of Warcraft umedumu tangu gemu hiyo ilipotoka Novemba 2004, na kwa sehemu kubwa umehesabu mambo mengine: idadi ya pointi, wingi wa vipaji, sura ya mchoro, urahisi wa kubadilisha. Yote hayo yana nafasi yake. Lakini mti wenye vipaji 100 ambao mchezaji anaushuka bila kuacha chochote cha thamani haumpi uchaguzi hata mmoja, ilhali mpangilio wa safu 6 unaweza kumpa chaguzi 6 za kweli. Makala za toleo hili zinautazama mti kwa jicho hilo, na utangulizi huu unakitetea kipimo hicho waziwazi.

Miti ya mwanzo ilikuwa na kasoro nyingi, ila bei yake ilionekana. Aliyefika kiwango cha 60 alikuwa na pointi 51, na kipaji cha mwisho cha kila mti kilifikiwa kwa pointi 31. Kuvipata vya miti miwili kungehitaji pointi 62, na hesabu ilikataa. Mchezaji wa fani ya Mage aliyeshuka hadi Arcane Power, mwisho wa mti wa Arcane, alibakiwa na pointi 20, zilizomtosha kuchukua Pyroblast katika mti wa Fire, lakini Combustion hakuifikia, wala ngao ya Ice Barrier katika mti wa Frost. Mshika mbili moja humponyoka, na mti uliopangwa vizuri huitimiza methali hiyo kila mchezaji anapofika njia panda.

Pembeni mwa chaguzi hizo nzito kulijaa vipaji vya asilimia. Cruelty ya Warrior ilimeza pointi 5, kila moja ikiongeza asilimia 1 ya uwezekano wa pigo kali. Vipaji vya aina hiyo vilihitaji kikokotoo, na busara ya mchezaji haikuwa na kazi. Kadiri kiwango cha juu kilivyopanda, miti ilirefuka na asilimia zikaongezeka: pointi 61 mwaka 2007, kisha 71 mwaka 2008. Mwaka 2010 awamu mpya ya gemu, Cataclysm, iliipunguza miti na kubakiza pointi 41, ikamtaka mchezaji amalize pointi 31 katika tawi lake, yaani mti aliouchagua, kabla ya kugusa jingine. Asilimia zilipungua kwa hatua hiyo, lakini mchanganyiko wa matawi, uliokuwa chimbuko la mipangilio ya ajabu na yenye akili, ukafa pamoja nazo.

Mwaka 2012, Mists of Pandaria iliing'oa miti yote. Badala yake zikaja safu 6 zenye vipaji 3 kila moja, na mchezaji akachagua kimoja kila baada ya viwango 15. Hoja iliyotolewa na wabunifu, akiwemo Greg Street aliyeongoza ubunifu wa mifumo ya gemu wakati huo, ilikuwa kwamba karibu kila mtu alinakili mpangilio uleule, kwa hiyo uhuru wa mti ulikuwa wa jina tu. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli, lakini ilisimama kwenye kipimo kisichotosha. Kunakili kunaonyesha kwamba swali fulani limepata jibu. Hakuonyeshi kwamba swali lenyewe halikuwa na maana. Mti ambao jibu lake ni lilelile mbele ya bosi mmoja na mbele ya kundi la maadui kumi umeshindwa. Mti ambao majibu yake hutofautiana kwa kila pambano bado unafanya kazi, hata kama kila jibu limenakiliwa na maelfu ya watu.

Safu za mwaka 2012 zinastahili heshima kubwa kuliko zinayopewa na wanaoikumbuka miti ya zamani kwa mapenzi. Safu 6 za vipaji 3 huzaa mipangilio 729, idadi ndogo ikilinganishwa na ya miti, lakini katika kila safu vipaji viwili viliachwa na mchezaji alijua ameviacha. Udhaifu wake ulikuwa mahali pengine: anayepanda viwango alikaa viwango 15 bila kupata chochote cha kuchagua, na hisia ya kukua ikapotea. Silaha maalumu za Legion mwaka 2016 na mifumo ya nguvu za kuazima iliyofuata ilijaribu kuziba pengo hilo, kisha kila mmoja ukaachwa gemu ilipoingia awamu mpya.

Dragonflight ilipoirudisha miti mwishoni mwa 2022, iligawa pointi 61 katika sehemu mbili: 31 za mti wa fani, unaotumiwa na matawi yote ya fani hiyo, na 30 za mti wa tawi. Malango ya kumzuia mchezaji kushuka zaidi kabla ya kutumia pointi za kutosha yaliwekwa kwenye pointi ya 8 na ya 20, na kubadilisha mpangilio kukawa bure. Zamani mchezaji alilipa dhahabu 1 kubadilisha mara ya kwanza, na gharama ikapanda hadi 50. Kuiondoa gharama hiyo kulikuwa haki. Bei ya kubadili nia ni adhabu kwa anayejaribu. Bei ya kuchagua ndiyo uhai wa mti. Mjadala huzichanganya hizi mbili mara nyingi mno.

Hapa ndipo lilipo kosa kubwa zaidi la miti iliyorudishwa, nalo linastahili nafasi kuliko mengine. Mwaka 2022 uwezo wa kukatiza uchawi wa adui uliingizwa ndani ya miti ya fani nyingi. Rebuke ya Paladin, Mind Freeze ya Death Knight, Wind Shear ya Shaman na Spear Hand Strike ya Monk zote zilidai pointi, huku Counterspell ya Mage, Kick ya Rogue na Pummel ya Warrior zikipatikana bila pointi yoyote. Katika kundi la watu 5, asiyeweza kukatiza uchawi ni mzigo kwa wenzake wanne. Hakuna anayekaa akatafakari kama aichukue Rebuke au aiache. Pointi hiyo imetumika kabla mchezaji hajaufungua mti. Ni sawa na kumuuzia dereva gari na kuziorodhesha breki miongoni mwa mapambo ya hiari.

Watetezi husema kwamba kumkabidhi mchezaji uwezo huo ndani ya mti humfanya aone anavyokua, na kwamba anayecheza peke yake ana haki ya kuuacha. Hoja ya kwanza inajibika kirahisi: uwezo unaweza kutolewa katika kiwango fulani bila kugharimu pointi, kama ilivyo kwa Mage. Hoja ya pili haina mnufaika. Anayecheza peke yake hadhuriki kwa kuwa na kitufe asichokitumia. Anayeumia ni mgeni asiyejua kwamba kipaji kile ni cha lazima. Anachagua kwa moyo safi kile kinachompendeza, anaingia kwenye kundi, kisha analaumiwa. Mti wa namna hiyo unamhukumu mtu kwa jambo ambalo haukumfundisha.

Hivyo kipaji kinahitaji kutimiza masharti mawili ili kiitwe chaguo. Kwanza, kisilinganishwe na mwenzake kwa mizani moja. Asilimia dhidi ya asilimia huamuliwa na SimulationCraft, programu inayoiga mapambano maelfu ya mara na kutoa jibu. Asilimia dhidi ya mbio, au uponyaji wa dharura dhidi ya kipigo, huamuliwa na mchezaji anayejua anakwenda kupambana na nani. Pili, vyote viwili viwe vinaachika. Rebuke inatimiza sharti la kwanza na kuanguka kwenye la pili. Cruelty iliachika, lakini ilianguka kwenye la kwanza.

Makala ndefu kuliko zote katika toleo hili inachambua mabadiliko ya Paladin wa tawi la Retribution katika sasisho 10.0.7 la Machi 2023, ambapo mti wa tawi na mti wa fani ilipangwa upya kwa pamoja. Mwandishi wake anaonyesha kwa ushahidi wa kutosha kwamba kurekebisha tawi bila kuugusa mti wa fani ni kupaka rangi ukuta wenye ufa. Makala inayofuata inalitazama tawi la Shadow la Priest, lililofanyiwa kazi Mei mwaka huohuo, na nyingine inarudi kwenye Diablo II ya mwaka 2000, ambayo miti yake ya ujuzi iliitangulia ya World of Warcraft.

Makala kuhusu vipaji vya mashujaa, vilivyoletwa na The War Within mwaka 2024, inaisifu miti 39 ya vipaji hivyo kwa masimulizi yake. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haitoshi. Kila tawi huchagua mti mmoja kati ya miwili, kisha kufikia kiwango cha 80 karibu kila kitu ndani yake kinajazwa. Uamuzi wote umekusanywa mlangoni. Ukishaingia, kilichobaki ni njia iliyonyooka yenye vijichaguo vichache.

Makala fupi ya mwisho inagusa jambo ambalo wabunifu hulisahau: umbali. Gemu hii haina seva barani Afrika. Mchezaji wa Nairobi au Dar es Salaam anayeunganishwa na seva za Ulaya hubonyeza kitufe na kusubiri amri ivuke bahari. Kipaji kinachodai kubonyezwa kwa wakati mfinyu kabisa kina thamani moja kwa wa Paris na nyingine kwa wa Mombasa. Nodi (vituo vya mti) zenye chaguo kati ya kipaji cha kubonyeza na kipaji kinachofanya kazi chenyewe ni jibu zuri, mradi cha pili kisiwe dhaifu kiasi cha kumdhalilisha anayekichukua. Kila mti ungepaswa kuwa nazo.

Anayepanga upya mti wa fani yoyote, basi, ana kazi tatu, na mpangilio wake una maana. Aanze kwa kutoa kila uwezo ambao kundi haliwezi kuishi bila kuwa nao, aukabidhi kwa wachezaji wote bila pointi. Kisha avitafute vipaji vinavyotofautiana kwa asilimia pekee, aviunganishe au avifute. Mwisho, asimame kwenye kila njia panda iliyobaki na kutaja kwa maneno kile atakachokikosa mchezaji kwa kila upande. Njia panda isiyo na jibu iondolewe, hata kama mti utabaki mfupi.